Cherehani Isiyokuwa ya Duka

Karani alipoteza kazi yake ya Thika, pamoja na chumba alichopewa nyuma ya duka, kwa sababu ya mstari mmoja aliokataa kuufuta. Mstari huo ulisema kwamba cherehani moja ya mkono, iliyokaa juu ya rafu mbele ya macho yetu sote, haikuwa mali ya duka. Tajiri alimwomba kwanza kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa upole tena. Karani aliuacha mstari mahali pake, akafunga kalamu, akaenda kukunja blanketi lake.

Nilikuwa barazani nikishona, na nilisikia karibu yote. Lakini ukimtazama Karani kwa siku ile moja tu utamdhania mtu wa vita, na hakuwa mtu wa vita. Alikuwa mtu wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nitarudi nyuma kidogo.

Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, hayo sitayaeleza, maana sikuyauliza. Alitoka magharibi, kama wengi walioletwa Thika na viwanda na mashamba, na hilo tulilijua kwa jinsi alivyoudharau ugali wetu, akisema ni uji uliochoka kusimama. Jina lake lilikuwa kwenye bahasha za barua zake, lakini hakuna aliyelitumia. Wateja walimwita Karani. Tajiri alimwita Karani. Hata mchungaji wa kanisa lake, alipokuja kumtafuta, alisimama mlangoni akauliza, "Karani yupo?" Jambo hilo halikutusumbua wakati ule. Lilikuja kusumbua baadaye, na nitalifikia.

Duka lilikuwa katika safu ya maduka yaliyoelekea barabara ya kwenda viwandani. Liliuza sukari, chumvi, mafuta ya taa, mablanketi, sufuria, na nyakati nzuri baiskeli mbili tatu na cherehani moja au mbili. Mwenyewe alikuwa Mhindi aliyelirithi kwa baba yake, mtu mwenye sauti kubwa na moyo uliobadilika kulingana na mauzo ya siku. Mimi natoka ng'ambo ya Ngoliba, kule kukavu, na nilikodi pembe ya baraza lake kwa ajili ya mashine yangu. Nilikaa nimeielekea barabara na kuligeuzia duka mgongo. Macho yangu yalikuwa ya wapita njia, masikio yalikuwa ya dukani.

Kazi za kila siku za Karani zilikuwa za kawaida. Aliandika mauzo, aliandika madeni ya watu wa viwandani, alipeleka fedha benki. Kazi iliyomfanya awe Karani ilikuwa ya siku ya mwisho ya mwezi. Siku hiyo aliamka alfajiri, kafyu ilipoisha tu, akafungua duka kwa ndani na kuacha milango ya mbele imefungwa. Hakutaka mteja wala salamu. Tajiri aliamini kwamba hesabu ya duka ni fedha iliyoingia kutoa fedha iliyotoka, basi. Karani aliamini kwamba fedha ni mgeni asiyejua siku: mara huja mapema, mara huchelewa, na kazi ya karani ni kuipeleka kwenye mwezi wake.

Mfano nilikuwa mimi. Baada ya Krismasi moja, nilipokuwa nimeshona nguo za watoto wa nusu ya mji, nililipa kodi ya baraza ya miezi mitatu kwa mkupuo. Tajiri alifurahi, akaona Januari imenona. Karani aliikata kodi yangu vipande vitatu kama mkate, akatumia kipande cha Januari, akavifunika viwili.

"Fundi hajakaa Februari," alimwambia Tajiri. "Akifa kesho, mkewe atakuja kudai."

Nilikuwa pale nje nikisikia kifo changu kikihesabiwa, wala sikuweza kusema ana makosa.

Askari wa usiku alilipwa mwezi mpya ukishaanza, lakini Karani aliuandika mshahara wake katika mwezi uliokwisha, hata kama senti moja haijatoka. Alisema yule mtu amekwisha kesha, na kukesha kwake tumekwisha kula. Leseni ya mwaka aliigawa miezi kumi na miwili. Baiskeli ya kupelekea mizigo aliipunguza thamani kidogo kila mwezi, mpaka mwendeshaji wake akalalamika kwamba inazeeka haraka zaidi kwenye karatasi kuliko barabarani. Wateja ambao madeni yao yalikuwa yameanza kunuka, aliwatengea fungu la hasara mapema, bila kuwaambia, na walipokuja aliwasalimu vile vile.

Alikuwa na msemo aliourudia mpaka ukachosha: "Mwezi haukopeshi mwezi mwenzake." Tajiri alipojaribu kusogeza gharama ya mwezi mbaya iende mwezi mzuri, msemo ule ulitoka kabla hajamaliza sentensi.

Mvua ndefu zilimpa kazi ya ziada. Chumvi ya gunia lililofunguliwa hunywa unyevu wa hewa, na mizani huonyesha imeongezeka. Mwaka mmoja Tajiri aliitazama mizani akasema Mungu ameleta. Karani akasema Mungu ameleta mvua, chumvi ni ile ile. Waliligombania gunia moja asubuhi nzima. Mwishoni chumvi iliandikwa kwa uzito wa siku gunia lilipofunguliwa, kutoa iliyouzwa, na Tajiri akazunguka duka akiwaambia wateja kwamba ameajiri mtu anayemnyang'anya baraka.

Nisije nikamfanya malaika. Kulikuwa na mambo ya mashali. Lilifika robota la mashali ya sufi, mepesi, yamejaa matundu kila mahali. Karani aliyafungua siku ya kufunga mwezi, akayanyoosha kwenye mwanga, akasikitika. Akaandika kwamba nondo wamekula robota zima, akashusha bei kwa nusu. Milango ilipofunguliwa, wanawake wa Thika waliyaona, wakatazamana, wakanyamaza, wakanunua yote kabla jua halijafika kichwani. Mke wa Tajiri aliposhuka kutoka ghorofani kuchagua lake, hakulikuta hata moja. Alieleza kwa uchungu kwamba yale matundu yalisukwa makusudi, kwamba ndiyo urembo wenyewe, kwamba watu wa kiwandani walilipwa kuyatia. Kwa miaka miwili baadaye wanawake walipita barazani wakiniuliza kwa sauti ya kusikika ndani, "Fundi, nondo watarudi lini?"

Mwezi uliofuata Karani aliandika hasara ile peke yake, kwa maneno mawili: kosa langu. Akataka ikatwe kwenye mshahara wake. Tajiri alikataa. Alisema kosa likifanywa dukani ni la duka, na mtu asiyejua shali si mwizi. Naandika hili kwa sababu Tajiri naye ataonekana vibaya mbele, na haitakuwa haki asikumbukwe kwa siku ile.

Karani alikuwa na mambo yasiyopatana. Nilimshonea suruali na najua mifuko yake: ilitoboka yote, na hakuwahi kuniambia niizibe. Hakujua ana shilingi ngapi. Mshahara wake ulitawanyika kwa wiki moja, sehemu kwao kwa mkono wa yeyote aliyesafiri, sehemu kwa watu waliomkopa wakasahau pamoja naye. Kinyozi alimfuata dukani kudai, na Karani, aliyejua deni la kila mtu mtaani, alimuuliza kwa mshangao kama kweli alikuwa amenyolewa. Kanisani walimtaka awe mweka hazina. Alikataa, na hakutoa sababu.

Tena alikuwa akiiba katika mchezo wa drafti. Tulicheza kwa vizibo vya soda kwenye kibao kati ya kiti changu na mlango. Ukigeuka kumjibu mteja, ukirudi, kizibo chako kimoja kimehama. Nilimkamata mara nyingi. Nilimuuliza inakuwaje mtu asiyekubali ratili ya maji kwenye chumvi aniibie kete mchana. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Drafti haina mwisho wa mwezi, fundi," alisema.

Sasa nifike kwa yule mchuma kahawa.

Alitoka kwenye shamba moja upande wa Ruiru, mwanamke Mkikuyu ambaye bado alikuwa kijana, mwenye vidole vilivyotiwa weusi na utomvu wa kahawa. Alikuja mara ya kwanza Jumamosi moja baada ya malipo ya shamba, akasimama mbele ya cherehani iliyokuwa kwenye rafu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu na mpini wa kuzungushia. Akauliza bei. Alipoambiwa, hakutikisa kichwa kama wengine. Aliuliza kama anaweza kuinunua kidogo kidogo.

Duka lilikuwa na desturi hiyo. Mtu aliweka amana, akaongeza kila alipopata, na kitu kikabaki dukani mpaka siku ya kumaliza. Desturi ilikuwa ya baba yake Tajiri. Lakini watu waliitumia kwa mablanketi na sufuria, si kwa cherehani.

Siku ile alitoa amana ya kwanza. Karani akaandika mstari wake. Yule mwanamke akasema hajui kusoma mstari, kwa hiyo naye ataweka wake. Akachana ukingo wa kitambaa chake cha kichwa, cha buluu, akaufunga kwenye mpini kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona, na mimi ni mtu wa nyuzi. Karani alisema hiyo si hesabu.

"Wewe una mstari wako," mwanamke alimjibu. "Mimi nina fundo langu."

Alipotoka nilimtania. Nilimuuliza kama ananunua mashine aje aninyang'anye wateja.

"Sitawanyang'anya. Watakuja wenyewe," alisema bila kusimama. "Suruali zako, fundi, mguu mmoja unaamka mapema kuliko mwingine."

Alikuja hivyo kwa miezi mingi, Jumamosi baada ya malipo, na kila mara alipitisha kidole kwenye fundo kabla ya kutoa fedha. Alikuwa na mpango wake na aliueleza kwa yeyote aliyesikiliza. Angeshona sare za watoto wa shule ya shamba, na asingechuma tena kahawa ya mtu. Tajiri alizihesabu shilingi zile kama mauzo kichwani mwake. Karani, kila mwisho wa mwezi, alizitoa katika mauzo na kuziweka upande wa madeni ya duka. Alieleza kwamba hatujauza kitu mpaka mashine itoke mlangoni mikononi mwake. Hadi hapo fedha ni zake, tumemshikia tu.

Ilipobaki shilingi kumi na mbili, aliacha kuja.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwashuku Wakikuyu wote, na maelezo hayakuhitajika mengi. Asubuhi moja malori yalifika kwenye shamba lao, wachumaji wakapakiwa. Baadhi walirudi. Baadhi walipelekwa katika kambi za kizuizini, au katika vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki. Wengine hatukupata habari zao. Karani aliuliza kwa wachumaji waliorudi, aliuliza kwa madereva wa malori ya kahawa, aliuliza kwa upole sana kwa askari mmoja aliyenunua sigara, na askari akamwambia maswali kama hayo yana bei.

Hakuuliza tena kwa sauti. Aliuliza kwa kalamu. Kila mwisho wa mwezi mstari ulirudi: cherehani moja, amana ya mchuma kahawa, imebaki kumi na mbili, mwenyewe hajafika. Kisha alinitolea mashine barazani niitie mafuta. Aliniruhusu kuzungusha mpini ili vyuma visishikane, lakini hakuniruhusu kupitisha kitambaa chini ya sindano.

"Kitambaa cha kwanza ni chake," alisema.

Mwanzoni Tajiri alimcheka. Mwaka ulipopita akaacha kucheka. Biashara ilikuwa imeshuka, kwa sababu watu waliokuwa wakinunua jioni walilazimika kuwa nyumbani kabla ya kafyu, na wengine hawakuwa na nyumba zile walizokuwa nazo. Wateja wawili waliwahi kumuulizia ile mashine, fedha mkononi, na Karani akawajibu kwamba ina mwenyewe. Kisha Tajiri akaamua kuliuza duka aende Nairobi kwa kaka yake. Mnunuzi, ndugu wa mbali, alitaka kuona hesabu ya mwisho iliyofungwa.

Hapo ndipo mstari ulipokuwa mwiba. Ukifutwa, amana inakuwa mauzo, mashine inarudi kuwa bidhaa ya kuuza, na duka linanona mara mbili kwa kitu kimoja. Ukibaki, mnunuzi anapokea duka lenye deni kwa mwanamke asiyejulikana alipo.

Siku ile ya mwisho wa mwezi milango ya mbele ilikuwa bado imefungwa, nami nilikuwa nimefika mapema kwa ajili ya sare za watu wa kiwandani. Tajiri alianza vizuri. Alisema anamheshimu Karani kama ndugu. Alisema pengine yule mama amekufa, Mungu amrehemu, na mfu hashoni. Alisema hata akiwa hai hajaonekana muda wote huo, na sheria ya biashara yoyote duniani ingesema amana imekufa. Karani alijibu kwamba hakuacha kuja kwa kupenda. Tajiri alipiga meza. Kisha sauti yake ikashuka, nikasimamisha mashine yangu nisikie.

"Karani, sikiliza. Yeye iko hai, atakuja, mimi nalipa. Kutoka mfuko yangu mwenyewe."

"Utakuwa Nairobi, Tajiri," alisema Karani. "Na mfuko utakuwa Nairobi."

Halafu Tajiri akasema kwamba karani wa kufunga mwezi anapatikana popote, na yule atakayekuja na mnunuzi anajua kuandika anachoambiwa. Karani akasema ni kweli. Akasema pia kwamba mwezi huu amekwisha ufanyia kazi, mshahara wake umekwisha iva ingawa haujalipwa, na yako malipo ya likizo ambayo hakuwahi kuichukua. Vyote alikuwa ameviandika kama alivyomwandikia askari wa usiku.

Nilidhani anadai fedha. Tajiri naye alidhani hivyo, nikasikia droo ikifunguliwa.

"Si fedha," Karani alisema. "Nipe ile mashine."

Tajiri alikubali haraka, nafikiri kwa aibu na nafuu pamoja. Alipata kuuza kitu kwa kweli, hesabu ikawa na mauzo yasiyo na swali. Amana alibaki nayo, na karani mpya akaufuta mstari. Walipofungua milango, Tajiri mwenyewe ndiye aliyemshikia Karani mashine wakati akiifunga kwenye baiskeli ya kuazima, juu ya sanduku lake la mbao. Alikagua kamba mara mbili. Kisha akaingia ndani asitoke mpaka saa sita.

Nilimuuliza Karani anaenda wapi. Aliniambia Ruiru, kwa sababu kama yule mwanamke akirudi, atarudi kwanza kwenye kahawa. Nilimwambia amefanya ujinga, amenunua kitu cha mtu mwingine kwa jasho lake. Aliniuliza kama nitahitaji kile kibao cha drafti. Akakichukua.

Nilibaki barazani. Mwenye duka mpya alinipandishia kodi, na karani wake aliihesabu yote siku iliyoingia. Miezi ikapita, sikumbuki mingapi, ila kafyu ilikuwa imeanza kulegea na watu walikuwa wakirudi mmoja mmoja, wakitembea katikati ya barabara kama wageni.

Siku moja nilipeleka sare kiwandani. Niliporudi, karani mpya alinisimulia kisa kama kichekesho. Alikuja mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, akaangalia rafu ya juu kwa muda mrefu. Akasema anamtaka Karani. Karani mpya akamjibu, "Karani ni mimi." Mwanamke akamtazama usoni, akasema si yeye. Yule kijana akamwambia hapa hakuna karani mwingine, kama ana mtu wake amtaje jina. Mwanamke jina hakuwa nalo. Akauliza mashine. Akaambiwa iliuzwa zamani, mwenye duka mpya hahusiki na mambo ya kale. Basi akaondoka.

Nilimuuliza alifunga kitambaa cha rangi gani. Alisema yeye hutazama watu mikono, si vichwa. Na mikononi? Alikuwa na sarafu zimefungwa kwenye pembe ya leso. Alisema amebakisha kidogo, amekuja kumaliza.

Nilimuuliza pia kwa nini hakumwambia aningoje. Alishangaa. Aliniuliza mimi na mwanamke yule tunahusiana nini.

Nilikimbia mpaka kituo cha basi, mpaka sokoni, mpaka darajani. Niliuliza kila aliyeuza kitu. Wanawake wembamba wenye watoto mgongoni walikuwa wengi mno mwaka ule. Asubuhi iliyofuata nilifunika mashine yangu turubai, nikaenda Ruiru.

Hapo nami nikaangukia shimo lile lile. Nilishuka nikauliza, "Karani anakaa wapi?" Nikaelekezwa kwa karani wa stesheni. Nikaelekezwa kwa karani wa shamba, ambaye alidhani nimekuja kuomba kazi. Nikaelekezwa kwa mzee anayewaandikia watu barua. Nilikaa na mtu yule barazani miaka, nimempima kiuno na urefu wa mguu, na nilisimama katikati ya Ruiru sina neno la kumtafutia. Mwishowe, pale karibu na soko, niliwaona wanaume wamezunguka kibao cha vizibo. Niliwauliza kama wanamjua mtu wa magharibi, wa makamo, anayeiba kete mtu akigeuka.

Wote walicheka. Mmoja akaninyooshea mkono kwenye mlango wa pili.

Alikuwa akitunza hesabu za maduka madogo ya Waafrika wenzetu, moja baada ya jingine, kila moja kwa siku yake ya wiki. Alikuwa amekonda, na suruali ilikuwa ile ile niliyomshonea. Chumba kilikuwa na kitanda, sanduku, na mashine juu ya sanduku. Maua ya dhahabu yaling'aa. Fundo la buluu lilikuwa limepauka lakini halikuwa limeguswa. Niliuzungusha mpini kwa mazoea, ukaenda laini.

Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye sarafu za leso alinikatiza.

"Alisema amebakisha?"

"Alisema amebakisha kidogo, amekuja kumaliza."

Alikaa juu ya kitanda. Aliniomba nirudie sehemu ile aliyoambiwa amtaje mtu wake kwa jina, nikairudia. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alisema ameishi kati ya watu muda wote huo na hakumwachia hata mmoja jina lake. Alilisema kama mtu anayetaja bidhaa iliyosahauliwa wakati wa kuhesabu. Halafu akainuka, kwa sababu siku ile ilikuwa Jumamosi, na mashamba yalikuwa yanalipa.

Tulibeba mashine pamoja mpaka kwenye baraza la duka la jirani, mahali wachumaji wanapopita wakitoka mashambani kwenda sokoni. Aliigeuza mara tatu mpaka upande wenye fundo ukaelekea barabara. Kisha akaniomba chaki yangu, ile ya kuchorea vitambaa, akaandika jina lake ukutani juu ya mashine, jina lote, kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia. Nilimkumbusha kwamba yule mwanamke hasomi. Alisema wapo watakaomsomea.

Wakati tukingoja nilimwambia jambo lililokuwa likinikera tangu Thika. Nilimwambia kwamba mashine ile ameilipa yote kwa mshahara wake, kwa hiyo kama ni deni, yule mwanamke anadaiwa yote, na kama ni zawadi, basi asamehe na hizo kumi na mbili amalize.

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama Tajiri na mizani ya chumvi.

"Mimi nililipa deni la duka," alisema. "Yake ni kumi na mbili. Alikuja nazo mkononi, fundi. Nikisema sizitaki, nitakuwa nimemwambia nini?"

Wachumaji walianza kupita, vidole vyeusi, mishahara imefungwa viunoni. Wengi walitazama maua ya dhahabu. Wawili waliuliza bei, naye akawajibu kwamba ina mwenyewe, akawaeleza mwenyewe alivyo, akawataka wapeleke habari vijijini kwao. Mmoja alisema anamjua mwanamke aliyekuwa akizungumzia cherehani huko kambini, kila siku, mpaka wenzake wakamchoka. Hakujua alikoelekea baada ya kutoka. Karani alimuuliza jina la kijiji chake akaliandika.

Nilirudi Thika kwa basi la mwisho. Tangu hapo yeyote aliyeuliza Karani barazani kwangu alielekezwa Ruiru, kwa jina kamili, na karani mpya alichukia. Nilipokwenda tena mwezi ulipokwisha, maandishi ya chaki yalikuwa yamekolezwa upya ukutani na mashine ilikuwa nje. Alinionyesha hesabu yake mwenyewe, ya kwanza niliyowahi kuiona, ukurasa mmoja wenye mstari mmoja: cherehani moja, si yangu; imebaki shilingi kumi na mbili; mwenyewe yuko njiani.

Nilimwambia hayo ya njiani hayajathibitishwa. Alisema anajua, ndiyo maana ameyaandika kwa penseli.